Kutafuta ukoo kwa hati za kiwanja Dar es Salaam

Anza na karatasi ya karibuni, si ya enzi za babu. Hati miliki, barua ya toleo, hata risiti ya kodi ya pango la ardhi itakupa namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Jina peke yake halitoshi. Akina Salum bin Ali wa Kariakoo walikuwa wengi.

Peleka namba hizo kwa Msajili wa Hati, lipia ada, uombe upekuzi, yaani kukaguliwa daftari la kiwanja hicho. Usiridhike na jina la mmiliki wa sasa na rehani iliyopo: omba mfululizo wa uhamisho tangu usajili wa kwanza. Mauzo hukupa majina mawili tu. Kifo ndicho kinachofungua ukoo, kwa kuwa msimamizi wa mirathi huandikishwa kabla mali haijafika kwa warithi. Nakili namba ya shauri la mirathi, kisha litafute jalada lake mahakamani.

Mgawo wa Kiislamu usome polepole. Marehemu akiacha watoto, mjane hupata 1/8, na wajane wakiwa zaidi ya mmoja huigawana hiyo hiyo. Ukikuta mjane wa marehemu mwenye watoto ameandikiwa 1/16, walikuwepo wake wawili, hata kama nyumbani hatajwi ila mmoja. Watoto wa yule mwingine ni ndugu zako, watafute.

Jina la familia likikatika ghafla na kufuatiwa na Msajili wa Majumba, yaani chombo cha serikali kilichokabidhiwa majengo yaliyotaifishwa, msimlaumu mjomba kwamba aliuza. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kuanzia thamani ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakalia yote. Vivyo hivyo, umiliki wa kudumu uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali mwaka 1963, na sheria ya 1969 ikaugeuza kuwa haki ya kumiliki ardhi. Aina ya hati ilibadilika. Mwenye nyumba huenda alibaki yule yule.

Kwa enzi za Wajerumani, nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, ukiwa na kitambulisho na barua ya utambulisho. Tafuta jina kwa tahajia yao: waliandika Kilimandscharo, kwa hiyo Juma mjaribu kama Dschuma, na Shabani kama Schabani. Katika mwandiko wao wa mkono, e hufanana na n, na hapo majina mengi hunakiliwa vibaya. Piga picha ukiruhusiwa, usitegemee nakala yako peke yake.

Hati isiyo na tarehe, tazama bei. Rupia, fedha ya enzi hizo, iliyogawanywa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa ni ya kabla ya mageuzi ya fedha ya 1904. Yenye sarafu ndogo 100 zilizoitwa heller ni ya baada yake. Shilingi zilianza 1921. Tarehe ya Hijria nayo usiigeuze kwa kukisia: mwaka 1322 ulianza Machi 1904 ukaishia Machi 1905, basi andika miaka yote miwili mpaka uujue mwezi.