Kabla hujamrudisha mahakamani anayekwepa matunzo

Amri ya matunzo ya mtoto huja na muhuri, na wengi hudhani muhuri huo ndio utakaoleta pesa. Hapa Kenya mzazi akiacha kulipa, Mahakama ya Watoto haimfuati yenyewe. Aliyepewa amri ndiye anayerudi kuomba itekelezwe, na kila hatua ya kurudi ina bei yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Nauli ya kwenda kumkumbusha mwenzako wajibu huo ni juu yako.

Kwa hiyo anza na daftari, kabla ya wakili. Chora safu nne: mwezi, kiasi kilichoamriwa, kilicholipwa, kilichobaki. Tuseme amri ni shilingi 8,000 kwa mwezi na imepita miezi 7. Hiyo ni 56,000. Kama alituma 3,000 mara mbili, malimbikizo ni 50,000, na hiyo ndiyo namba utakayopimia gharama zote zinazofuata. Andika hata alichotuma kwa shingo upande, hata karo aliyopeleka shuleni moja kwa moja bila kukuambia. Akikuumbua mbele ya hakimu kwa malipo mamoja uliyoyaficha, daftari zima linatiliwa shaka. Omba pia taarifa ya miamala yako ya M-Pesa, maana simu huibwa na jumbe hufutika.

Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako haidai ada ya wakili. Afisa anaweza kuwaita wote wawili na kuandika makubaliano ya namna deni litakavyolipwa kidogo kidogo. Mimi ningejaribu huko mara moja tu, basi. Aliyeidharau amri ya hakimu hatishwi sana na barua ya ofisi, na kila siku unayokaa kwenye benchi pale ni siku ambayo kibanda chako cha mboga kimefungwa.

Ukiamua kutafuta wakili, muulize anadai kiasi gani kwa kazi ya utekelezaji peke yake, na kama kila tarehe ya kutajwa kwa kesi inalipiwa kivyake. Kesi ya matunzo inaweza kuahirishwa mara nne bila mtu kusema neno la maana, na hapo ndipo pesa za watu huishia. Makubaliano ya ada yaandikwe na utie sahihi. Wakili akikwambia usilipe chochote, atakula tu mkishinda, usifurahi upesi: Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inayafanya makubaliano ya namna hiyo kuwa batili. Asiye na uwezo ana pa kwenda. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, huwafundisha wanawake kuandika hati zao na kujisimamia wenyewe mbele ya hakimu. Kituo cha Sheria, shirika linalowasaidia kisheria wasio na uwezo, kipo tangu miaka ya 1970, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya taifa kwa kazi hiyo hiyo. Hata ukijisimamia, tenga pesa za kamishna wa viapo anayeshuhudia kiapo chako, nakala, na mtu wa kumpelekea hati mdaiwa.

Halafu kuna kuchagua njia, na hapa usikimbie. Kama ameajiriwa, kukamata sehemu ya mshahara ndiyo njia isiyochosha: mwajiri anaamriwa akate, na makato hayo hayamngoji mtu abadilike moyo. Ijue kampuni kwa jina lake kamili na ofisi yake ilipo kabla hujalipia ombi. Dalali wa mahakama, anayetumwa kukamata mali ya mdaiwa iuzwe, ni kamari zaidi. Akienda akakuta kitanda na redio, au asimkute mtu kabisa, gharama ya safari yake inaweza kukurudia wewe.

Njia ambayo watu hukimbilia kwa hasira ni kumfunga jela ya madeni. Wengi hawajui kwamba chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai anayedai ndiye anayetanguliza mahakamani pesa za kumlisha anayefungwa. Naam, unamdai chakula cha mtoto, kisha unamnunulia yeye chakula. Kifungo hakizidi miezi 6, na akitoka deni liko pale pale. Tena hakimu hamfungi mtu kwa sababu tu hana: lazima aridhike, kwa mfano, kwamba alikuwa na uwezo akakataa kulipa, au anahamisha mali kwa hila. Ushahidi wa uwezo huo ni juu yako kuutafuta: pikipiki mbili zinazofanya kazi kwa jina lake, duka, nyumba anayopangisha. Kama huna, pesa za ombi hilo zinunulie viatu vya shule. Lakini kama unao, kuna wanaume ambao hulipa siku ile ile wanapopata hati ya kuitwa waeleze kwa nini wasifungwe, kabla hata ya jela kufikiriwa.

Usipange bajeti ukitegemea kurudishiwa ulichotumia. Kanuni ya kawaida ni kwamba gharama humfuata aliyeshindwa, lakini katika mambo ya familia mahakimu mara nyingi huamuru kila mmoja abebe zake. Ziombe hata hivyo, uweke risiti kwenye bahasha moja na daftari.

Na siku ya kesi, kama inasikilizwa kwa mtandao, nunua bando jana yake. Jina likiitwa nawe huonekani kwenye skrini, huenda ukapangiwa tarehe nyingine, na wakili akaidai ada yake kama kawaida.