Kutambua mabadiliko ya msimbo yaliyoingizwa mara mbili

Kwa timu zinazotumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, na kutunza tawi (toleo sambamba la msimbo) la uzalishaji na tawi la maendeleo kwa pamoja, kama wasanidi wa hapa Dodoma wanaohudumia mfumo wa malipo ya wakulima wa zabibu, ni kawaida rekebisho moja kunakiliwa kutoka tawi moja hadi jingine kwa amri ya git cherry-pick, kisha miezi kadhaa baadaye mtu akashindwa kujua kama lilikwishafika. Kulinganisha heshi (msururu wa herufi na namba unaotambulisha) za komiti, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa katika Git, hakusaidii, kwa kuwa heshi hiyo hukokotolewa pamoja na komiti mzazi, jina la mwandishi, muda na ujumbe. Kimoja kikibadilika, heshi nzima hubadilika.

Tumia git show ikifuatiwa na heshi ya komiti, uelekeze matokeo yake kwenye git patch-id. Utapata mstari wenye heshi mbili: ya kwanza ni ya mabadiliko yenyewe, bila kujali nafasi tupu wala namba za mistari, na ya pili ni ya komiti. Heshi za kwanza zikifanana, rekebisho ni lilelile.

Kwa tawi zima, amri ya git cherry -v main maendeleo (hapa main ni tawi la uzalishaji) ni nyepesi zaidi, na binafsi ndiyo ninayoanza nayo: alama ya kutoa huonyesha komiti ambayo mfano wake umo tayari katika main, na ya kujumlisha ile ambayo haijaonekana humo. Hata hivyo, rekebisho lililobadilishwa wakati wa kusuluhisha mgongano wa msimbo kati ya matawi litapata heshi tofauti, hivyo alama ya kujumlisha bado hudai macho ya binadamu.