Namna ya Kukuza Kongamano la Bahari na Maonyesho Yake

Niko kwenye kamati ya maandalizi ya kongamano la bahari hapa Mombasa, na kila msimu napigiwa simu na watu wa Tanga, Mtwara, hata Kisumu: tufanye nini ili letu nalo likue? Jibu langu halibadiliki. Mtafute mnunuzi kwanza. Hotuba, mabango na waziri wa kukata utepe vitafuata. Mwenye banda akiondoka na oda, mwakani atarudi na wenzake. Akiondoka na kadi za majina tu, humwoni tena.

Kabla ya yote, chagua upande wako wa bahari. International WorkBoat Show ya New Orleans ilianza 1980 na imeng'ang'ania boti za kazi: tagi za kuvuta meli, matishari ya kubebea mizigo, boti za kuhudumia mitambo ya mafuta. Mto Mississippi uko pale, visima vya Ghuba ya Mexico viko pale, basi wanunuzi ni wenyeji. METSTRADE ya Amsterdam, iliyoanza 1988 na hufanyika kila Novemba kwenye kumbi za RAI, ni ya vifaa vya boti za starehe, na huingii kama humo katika biashara hiyo. Ilivyopanuka ikafungua mitaa ndani yake, mmoja wa yoti kubwa, mwingine wa wenye gati na karakana. Nawasihi wenzangu waige hilo: ongeza mtaa pale wanunuzi wake wameshajitokeza, si kwa sababu ukumbi una nafasi tupu.

Wanunuzi wa kwetu ni nani? Waandike kwenye daftari: mamlaka za bandari, kampuni za feri za Zanzibar, hoteli za Diani na Watamu zenye boti za watalii, mawakala wa meli, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo. Wapigie simu uwaulize wanataka kununua nini mwaka huu wa fedha. Majibu yao ndiyo yatakayokuonyesha ni waonyeshaji gani wa kuwafuata.

Kuhusu tarehe, mimi nasimama na Oktoba. Mwaka wa fedha wa Kenya na wa Tanzania huanza Julai, kwa hiyo ofisa ununuzi wa shirika la umma bado ana bajeti. Ni majira ya tanga mbili pia: upepo wa kusi umelegea, kaskazi haujashika, na unaweza kumpakia mteja kwenye boti akaijaribu nje ya mlango wa bandari bila kutapika. Novemba wauzaji wa Ulaya wako Amsterdam. Septemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili wako Hamburg kwenye SMM, maonyesho makubwa ya meli. Angalia na Ramadhani, maana hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ijumaa ratiba isimame mchana watu waswali. Ukishapata wiki yako, usiihamishe. Watu hukata tiketi za ndege kwa mazoea.

Wageni wanaoleta mashine wapatie wakala wa forodha mmoja mapema. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu bidhaa kuingizwa kwa muda kwa dhamana, mradi zitoke tena ndani ya miezi 12. Kisha mwulize mwenye ukumbi mambo ambayo hayamo kwenye brosha yake: upana wa mlango wa nyuma, umeme wa fezi tatu, na uzito ambao sakafu inauhimili. Mashine ya boti ya nguvufarasi 200 hupita kilo 200, na uzito wote unakaa kwenye magurudumu madogo ya stendi. Weka ubao mnene wa plaiwudi chini yake, la sivyo vigae vitapasuka.

Kila banda liwe na kitu kinachofanya kazi. Jaketi okozi la kujijaza lenyewe ni mfano mzuri. Mwonyeshaji anavuta kamba, gesi ya kitungi cha gramu 33 inalijaza kwa sekunde chache, na nahodha wa boti ya watalii anainama kukitazama kile kitungi, anauliza: "Kikisha hiki, kingine nakipata wapi?" Andika swali hilo. Muuza vitungi ndiye mwenye banda wako wa mwakani.

Jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu ni mabaharia vijana. Wanaosomea unahodha Bandari Maritime Academy hapa Mombasa, au chuo cha ubaharia cha DMI cha Dar es Salaam, hawawezi kupata cheti cha uofisa wa zamu kwa mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, bila muda wa melini, angalau miezi 12 wakiwa kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, na meli za kuwachukua ni haba. Wengi wanakaa nyumbani na vyeti vya darasani. Kwa hiyo tenga chumba tulivu, mbali na vipaza sauti, kampuni zinazoajiri mabaharia ziwasaili humo. Vijana waje na kitabu cha baharia, cheti cha daktari na vyeti vya usalama vikiwa vimeskaniwa kwenye faili moja. Kampuni zisizonunua wala kuuza chochote zitakuja kwa ajili ya chumba hicho, na baba na mama wa Likoni watalitangaza kongamano lako kuliko redio.

Siku ya pili, kabla watu hawajaanza kufunga mizigo, bandika ramani ya mabanda ya mwakani mezani kwa katibu. Walioko mwaka huu wachague mahali kwanza na walipe kianzio palepale. Ndani ya wiki moja mpelekee kila mmoja orodha ya wanunuzi waliofika bandani kwake, wale tu walioridhia kwa maandishi, kwani Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ramani ya mwakani ikiwa bado ina mabanda mengi meupe, punguza ukumbi mapema, usingoje hadi Agosti.