Kabla hujatoa fedha ya kushikia nyumba

Dalali akikuambia "weka chochote nikushikie, kuna mtu mwingine anaitaka", usitoe hela papo hapo. Mimi ni wakili wa mauziano ya nyumba, na wateja wanaoniumiza moyo zaidi ni waliolipa kwanza, wakaja kuuliza sheria baadaye.

Hatua ya 1: Hakiki mwenye nyumba. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, ulinganishe jina lililomo na kitambulisho cha anayekuuzia. Hili halina mjadala.

Hatua ya 2: Ipe fedha jina lake. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Fedha ya kushikia inatolewa wakati mazungumzo yanaendelea. Arubuni, yaani malipo ya awali ya kuthibitisha makubaliano, inawabana wote wawili: Ufaransa, kifungu cha 1590 cha sheria ya madai kinasema mnunuzi akijitoa anaipoteza, muuzaji akijitoa anairudisha mara mbili. Uingereza mambo ni tofauti, kwa kuwa sheria ya mwaka 1989 inataka masharti yote ya mauziano ya ardhi yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili; malipo peke yake hayatoshi kumfunga mtu. Tangu zamani mahakama za huko zimeilinda fedha iliyolipwa kwa sharti la kusubiri mkataba. Katika kesi ya Chillingworth v Esche, iliyoripotiwa mwaka 1924, wanunuzi walirudishiwa fedha yao ingawa wao wenyewe ndio waliogoma kuendelea. Kwa hiyo muulize wakili wa mahali nyumba ilipo kama sheria ya hapo inaichukulia fedha yako kuwa ya kushikia au arubuni.

Hatua ya 3: Amua nani ataishika. Usimwachie dalali. Mwaka 1976, katika Sorrell v Finch, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo iliamua kwamba dalali akitoroka na fedha iliyolipwa kabla ya mkataba, mwenye nyumba halazimiki kuilipa, kama hakumruhusu kuipokea kwa niaba yake. Iweke kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kwa maandishi kwamba haitoki bila idhini ya pande zote mbili.

Hatua ya 4: Andika risiti inayojitosheleza. Mteja mmoja aliniletea kikaratasi kimeandikwa "advansi ya nyumba", kiasi na sahihi isiyosomeka. Nyumba ipi? Irudi lini? Hakuna. Mimi huwaandikia hivi:

"Nimepokea kutoka kwa (jina) kiasi cha (tarakimu na maneno) kwa ajili ya kushikia nyumba iliyo kwenye kiwanja namba (…), kwa bei ya (…). Malipo haya si mkataba wa mauziano. Mkataba usiposainiwa ifikapo tarehe (…), kwa sababu yoyote ile, fedha yote itarudishwa ndani ya siku 7. Ukisainiwa, itahesabiwa kwenye bei."

Maneno "kwa sababu yoyote ile" usikubali yafutwe. Mkopo wako wa benki ukikataliwa, hayo ndiyo kinga yako.

Hatua ya 5: Lipa kwa benki, si taslimu, na kwenye maelezo ya muamala uandike namba ya kiwanja.

Hatua ya 6: Tarehe ikipita bila mkataba, dai kwa barua siku hiyo hiyo. Ukikubali kuongeza muda, muuzaji asaini tarehe mpya kwenye risiti ile ile.