Mwalimu wa Lamu na darasa la ng'ambo: anza na mvua, zumu itakuja baadaye

Walimu wengi wakisikia ati darasa lao laweza kushirikiana na darasa la nchi nyengine, kitu cha kwanza kinachowajia ni zumu, yaani kuonana kwa video. Watoto wamepangwa mbele ya laptopu, wanapunga mkono, wa upande wa pili nao wanapunga, baada ya muda intaneti inakatika na hadithi imeisha hapo hapo. Hio ni salamu tu jamani. Somo linakuja pale darasa lako lina kitu ambacho wale hawawezi kukipata bila nyinyi, na wao wana chao, na swali halijibiki mpaka muunganishe.

Sasa sisi wa Lamu kitu hicho tunacho na kinatuvumia usoni kila siku. Kusi, ule upepo wa kusini. Inavuma kwetu kuanzia kama mwezi wa nne, ikishapita ikweta inageukia mkono wa kulia, inavuka bahari na kuenda kuwamwagia watu wa Kerala, India, ile mvua yao kubwa ambayo kwa kawaida huingia mwanzo wa mwezi wa sita. Yetu sisi inakuwa imeshamwaga sana mwezi wa tano. Kwa hio watoto wa Matondoni hapa Lamu wakipima mvua na upepo wao, na watoto wa Beypore, huko huko Kerala karibu na Kozhikode, wakapima wa kwao, chati mbili zikiwekwa pamoja wanaona wenyewe kwamba upepo ni mmoja na mvua mbili. Tena Beypore wanaunda vyombo vya mbao mpaka leo, wanaviita uru, na Matondoni ni mafundi wa majahazi, so hata maneno ya kuanzia urafiki hayatakosekana.

Mwenzako wa kushirikiana utampata wapi? Usitafute kwa kubahatisha fesibuku. Kuna mitandao ya walimu ya siku nyingi, iEARN kwa mfano ilianza 1988 kwa kuunganisha shule za New York na Moscow, kabla hata watu wengi hawajasikia neno intaneti, na Kenya wamo. Kule unaweza kuingia mradi wa mwengine au ukaanzisha wako. Wana mtindo mmoja naupenda sana kwa mwalimu anaeanza: madarasa kama sita mpaka manane yanawekwa kundi moja, kila darasa linatoa swali lake na mengine yote yanalijibu, mwisho kazi zinakusanywa kama kitabu. Huwezi kukimbia, manake wengine wanangoja kazi yako. Na kama utaenda na njia ya hali ya hewa kuna GLOBE, mpango wa dunia wa wanafunzi kupima mazingira, ilianza 1995 na NASA, shirika la anga la Marekani, wamo ndani, Kenya ni mwanachama, vipimo vya watoto vinaingia kwenye data ambayo wanasayansi wanaitumia kweli.

Ukishapata mwenzako, mambo ya kwanza kuzungumza ni kalenda. Hapa ndipo miradi mingi inapofia. Shule za Kerala zinafunga mwezi wa nne na wa tano, zinafungua wa sita, sisi muhula wa pili unaenda mpaka kama mwanzo wa wa nane. Manake mna Juni na Julai tu ya kufanya kazi pamoja, mwezi wa tano nyinyi mpime peke yenu muweke. Waambie mapema kuhusu Ramadhani, Ijumaa mchana, na kwamba jioni watoto wako chuoni kusoma Qurani, usione haya, mwalimu mzuri atashukuru kujua. Saa nazo andika kwa tarakimu na mji, 9:00 Lamu ni 11:30 Kerala. India hawabadilishi saa, lakini ukifanya na Ulaya au Marekani wao wanasogeza saa mwezi wa tatu na tena mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na hapo ndio utaingia umechelewa saa zima ukidhani umewahi.

Vifaa vya kipimo cha mvua: chupa ya soda ya lita mbili, makasi, rula. Kata pale juu inapoanza kunyooka, ile shingo ipindue iingie ndani iwe faneli. Chini hakuko sawasawa kwa hio tia vijiwe na maji mpaka yafunike mabonde, piga mstari, hapo ndio sifuri, rula bandika kutoka hapo. Weka uwanjani mbali na miti na mapaa, na mbali na punda, manake punda wa Lamu akiona maji haulizi ni ya nani. Soma saa ile ile kila siku, ukimaliza punguza maji yarudi kwenye sifuri. Madarasa yote mawili yatumie chupa aina moja na yasome saa ile ile, la sivyo mtakuwa mnalinganisha chupa, sio mvua.

Kutumana kazi, imeli na picha ya daftari zatosha. Bando likiisha unatuma kesho, hakuna kilichoharibika. Usiweke kazi yote ndani ya programu moja nzuri nzuri, Jamboard ya Google ilifungwa mwisho wa 2024, Skype nayo ikazimwa Mei 2025, kila kitu weka nakala kwenye flashi. Zumu fanyeni moja, mwisho, watoto wakiwa tayari wana la kuulizana.

Picha na sauti za watoto, fomu ya mzazi kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo, na sisi wazazi wetu wana haki ya kukataa binti yao asionekane, basi mpige picha mikono na chupa.

Sasa wewe mwenyewe. Usidharau kwa sababu shule yako ni ya kisiwani, Peter Tabichi alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani 2019 akitoka shule ya Nakuru yenye kompyuta moja. Weka faili: mpango, chati, kazi za watoto za mwanzo na za mwisho, barua za mwalimu mwenzako. Yanaingia kwenye TPAD, ile tathmini ya kazi ya mwalimu, kama ushahidi, na siku ukiomba skolashipu au mafunzo ya nje wanaosoma fomu wanataka kuona watoto walijua nini kipya, maneno ya "napenda teknolojia" wameyachoka. Mwaka wa pili usiwe mshiriki tu, ongoza mradi, fundisha walimu wa Faza na Kizingitini, ndio unapoanza kuitwa.

Na imeli ya mradi iwe ya shule sio yako, paswadi ajue hedimasta na mwalimu mwengine mmoja, kwa sababu transfa ya TSC, tume inayotuajiri walimu, haingoji Julai iishe.