Tamthilia na filamu za makala bila kebo

Mpenzi wa filamu za makala au tamthilia za Uingereza anayeishi Marekani hana haja ya kulipia kifurushi kizima cha televisheni ya kebo, chenye chaneli nyingi asizozitazama, ili apate uhondo mmoja tu anaoutaka. Huduma ya kutazama video mtandaoni ya CuriosityStream, iliyoanza mwaka 2015, imejikita katika sayansi na historia, ilhali BritBox na Acorn TV huleta tamthilia za Uingereza, na kila moja hulipiwa peke yake kupitia intaneti. Hata hivyo, kabla hujatoa senti yoyote, ulizia kwenye maktaba ya umma ya mtaani kwako kama imejiunga na Kanopy, huduma ya kutazama filamu mtandaoni kupitia maktaba, kwa sababu ukiingiza namba ya kadi yako ya maktaba utatazama bila malipo, nafasi ambayo nasikitika kuona wengi wetu tunaiacha ipite. Ukiamua kulipia, chagua malipo ya mwezi, kisha sitisha usajili siku ile ile: kwa kawaida huduma huendelea hadi mwezi uliolipia uishe, nawe hukatwi fedha tena kwa kusahau. Kipindi cha majaribio ya bure ni tofauti, kwani huenda kikakatika papo hapo, hivyo soma masharti kwanza.