Kumuuguza Kijana Anayetibiwa Saratani

Mtoto wa miaka minne anayetibiwa saratani hubebwa mgongoni, na maamuzi yote huwa ya mzazi. Kijana wa miaka 15 ni mtu mwingine: husoma sura ya daktari, hufungua faili lake mnapotoka nje ya wodi, na simu yake humtajia ugonjwa kabla ninyi hamjajipanga kumwambia. Kwa hiyo mwambieni ukweli mapema, mbele ya daktari, na ugonjwa utajwe kwa jina lake, si kwa kuuita uvimbe au upungufu wa damu kama ambavyo wengi wetu hufanya kwa huruma. Akigundua baadaye kwamba alifichwa, hatawaamini siku mtakapomsihi ameze dawa, na imani hiyo mtaihitaji kwa muda mrefu.

Aelezwe pia kwamba hakulogwa, kwamba hakujiletea ugonjwa huu kwa chakula wala kwa mwenendo wake, na kwamba hawezi kumwambukiza mdogo wake anayelala naye chumba kimoja. Kisha apewe tumaini lenye msingi: katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Kwetu idadi iko chini, na miongoni mwa sababu kubwa ni kuchelewa kufika hospitali na kukatisha matibabu.

Ombeni daktari azungumze naye faragha pia, kwa kuwa yapo maswali ambayo binti hatayauliza mbele ya baba yake, wala mvulana mbele ya mama yake. Baadhi ya dawa, kama saiklofosfamidi, zinaweza kupunguza uwezo wa kupata watoto, na kama kuna njia ya kuhifadhi uwezo huo, kwa kawaida inapaswa kutumika kabla ya dripu ya kwanza. Msione haya kuliuliza jambo hili.

Jambo la kushika kuliko yote nyumbani ni homa. Chembe nyeupe za damu mara nyingi hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya tibakemia, yaani dripu ya dawa za saratani, na katika siku hizo maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache. Nunueni kipimajoto, na kikifika nyuzi 38 nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Msimpe kwanza panadol ili kusubiri asubuhi, maana itaficha homa bila kuondoa chanzo chake. Mapokezi semeni wazi: "Anatibiwa saratani, alipata dripu tarehe fulani, na sasa ana homa." Kwetu kila homa hudhaniwa malaria, apimwe malaria, lakini kusubiri majibu kusicheleweshe antibayotiki. Asipewe aspirini wala ibuprofeni bila idhini ya daktari, kwani zinaweza kuzidisha kutokwa damu, wala asiwekewe dawa ya njia ya haja kubwa. Vijana wengi huificha homa kwa kuogopa kurudishwa wodini. Zungumzeni naye kuhusu hofu hiyo akiwa mzima, kabla homa haijaja.

Madhara mengine ya dawa hayatishi sana yakitangazwa mapema. Doksorubisini huufanya mkojo uwe mwekundu. Prednisoloni huleta njaa ya usiku na hasira ambazo si utovu wa adabu. Vinkristini hufunga choo na kuleta ganzi miguuni, na daktari aambiwe. Kwa vidonda vya mdomoni, mswaki laini na kusukutua kwa maji ya chumvi husaidia, na mtori uliopoa humezeka vizuri kuliko ugali. Nywele kwa kawaida huanza kudondoka wiki ya pili au ya tatu. Aamue mwenyewe kama atanyoa mapema, na kama atavaa kofia, kilemba au mtandio.

Kwa saratani ya damu ya aina inayowapata zaidi watoto, matibabu yote huchukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ni vidonge vya nyumbani. Hapo kijana hujisikia mzima, huchoka kuwa mgonjwa, na huanza kuruka dozi kimyakimya, ilhali kuziruka huongeza hatari ya ugonjwa kurudi. Msigeuke askari. Yeye ashike ratiba na kuweka alama kwenye kalenda, nanyi mmwone akimeza. Na akikiri kwamba alikosa siku mbili, mshukuruni kwa kusema, kisha mpigieni daktari.

Saratani ya mfupa, ambayo hupenda kuanzia karibu na goti wakati wa balehe, ina jaribu lake. Familia ikisikia neno kukata mguu, humchukua kijana na kumpeleka kwa mganga wa mifupa. Hurudi baada ya miezi, na mapafu yameshaguswa na saratani. Nawasihi msiondoke. Ombeni kumkutanisha na mtu anayetembea kwa mguu wa bandia, amwone na amuulize apendavyo. Kama kuna mitishamba anayopewa, daktari aambiwe bila woga, kwa kuwa mingine huumiza ini au hupingana na dawa.

Kuhusu gharama, fikeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza shamba. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, taasisi ya Tumaini la Maisha husaidia watoto kutibiwa saratani bila malipo. Shuleni, mwalimu mkuu aelezwe mapema kuhusu mitihani, na kijana mwenyewe achague rafiki wa kumletea madaftari, na kiasi gani darasa lijue.

Matibabu yakiisha, ombeni muhtasari wenye majina ya dawa na dozi alizopata, kwa sababu doksorubisini, kwa mfano, inaweza kuudhuru moyo miaka mingi baadaye. Nakala moja muitunze ninyi, na nyingine akabidhiwe yeye.